Juni ya kambi, kwaya na mafundisho, ziwa likiwa limefungwa

Hapa Kigoma, familia ya Kikatoliki yenye watoto wa shule haina mwezi wenye shughuli nyingi kama Juni. Shule zimefungwa, masika yamekwisha, barabara za vijijini zinapitika, maharage yamevunwa. Kila chama parokiani kinaona huo ndio mwezi wake. Utoto Mtakatifu, chama cha watoto, wana mkutano wao, wanafunzi Wakatoliki wa sekondari wa TYCS wana kambi, kwaya ya vijana ina ziara, VIWAWA, yaani vijana Wakatoliki wafanyakazi, wana mashindano ya mpira na nyimbo, watoto wa Komunyo ya Kwanza wanaingia mafundisho ya kila siku. Juu ya hayo kuna sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kuna ya Petro na Paulo tarehe 29, na jumuiya, yaani majirani tunaosali pamoja, iko palepale kila wiki. Sisi tuna watoto wanne, kila mmoja na umri wake. Maana yake ni kwamba vyama vyote hivyo vinakutana ndani ya nyumba yetu, na kila kimoja kinakuja na kadi yake ya mchango.

Naandika hasa kwa wazazi ambao mtoto wao wa kwanza ndiyo kwanza anaingia sekondari, kwa sababu hapo ndipo mambo hubadilika. Mtoto wa shule ya msingi shughuli zake ziko parokiani, jioni anarudi kula nyumbani. Akifika sekondari anaanza kulala nje, anapanda magari usiku, anakuwa chini ya watu ambao pengine humjui hata mmoja. Watu wengi huchukulia kwamba kwa kuwa ni mambo ya kanisa, basi yote yako salama na yamepangwa. Mengi yako salama kweli. Ila kupangwa ni kazi ya watu, na watu hao wanajitolea, wana kazi zao, na mara nyingi viongozi wa chama kimoja hawajui kabisa chama kingine kimepanga nini.

Mwaka 2024 kwetu ulikuwa na jambo la ziada. Serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na wenzetu wa Kongo, Burundi na Zambia tunaochangia nao ziwa, ili samaki wapate kuzaliana. Baba wa watoto wangu ni fundi wa mashine za boti, kijiwe chake kiko Kibirizi. Boti zikilala, hakuna mashine ya kutengeneza. Mimi nashona, cherehani yangu iko Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, na mteja ambaye mume wake ni mvuvi akikosa hela hashoni. Kwa hiyo tuliingia likizo na mfuko mwepesi kuliko miaka yote niliyoikumbuka, na kadi za michango zilikuwa zimeshagawiwa tangu Pasaka.

Kwa asiyeishi ziwani nieleze kidogo. Huku kwetu michango hufuata giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikiwa kali nyavu hukaa nchi kavu. Mweka hazina yeyote wa jumuiya za Kibirizi, Katonga au Ujiji anajua kwamba daftari lake lipite giza likiwa linakwisha, watu wana hela mkononi. Mwaka ule giza zote za miezi mitatu zilipita bila kitu. Dagaa wakapanda bei, migebuka ikawa ya kutafuta, na bajeti za chakula cha kambi, ambazo kwa kawaida husimama juu ya dagaa, zikawa hazifai.

Jioni moja tulikaa wote mezani, watoto wakiwemo, na mama mkwe wangu ambaye tunaishi naye. Tuligeuza kalenda ya zamani tukaandika nyuma yake kila shughuli, tarehe yake, mahali pake na gharama yake. Hili nalishauri kwa kila nyumba, na lifanyike kabla shule hazijafungwa. Mpaka tulipoziona zimeandikwa mahali pamoja, hatukujua kwamba wiki moja ilikuwa na kambi ya binti yetu, mkutano wa Utoto Mtakatifu wa mdogo wake, na masomo ya ziada ya kifungua mimba wetu wa kidato cha nne. Kila kiongozi alikuwa ametutangazia shughuli yake kana kwamba iko peke yake.

Mama mkwe alisikiliza muda mrefu, kisha akauliza: "Huko mnakowapeleka, nani wa nyumba hii atakuwepo?"

Swali hilo ndilo lililotupangia likizo. Tulichukua kalamu, tukaandika mbele ya kila shughuli jina la mtu mzima wa nyumba yetu atakayekuwepo, au walau atakayefika na kuona kwa macho yake mahali na wahusika. Shughuli iliyokosa jina tukaikata. Tukagundua kwamba kinachopima idadi ya shughuli za watoto si hela peke yake. Wazazi ni wawili, bibi ni mmoja na miguu yake inauma. Ukiwa na shughuli saba na watu wazima watatu, utazilipia saba na kuziona mbili.

Tulikata mashindano ya VIWAWA ambayo kifungua mimba alitaka kwenda, tukakata mkutano wa Utoto Mtakatifu wa dekania, yaani wa parokia kadhaa jirani, na mwanangu wa darasa la tano alilia. Alikuwa amekariri shairi. Sikumwambia anyamaze. Nilimweleza kwamba wiki hiyo mimi nitakuwa Kasulu na dada yake, baba yupo kwenye mambo ya kaka, na sitaki aende mahali ambapo hakuna mtu wetu. Shirika la Utoto Mtakatifu lilianza Ufaransa mwaka 1843, Askofu Charles de Forbin-Janson akitaka watoto wasaidie watoto wenzao, na mwanangu analijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo tukampa kazi ya kweli: kila Jumamosi alikwenda na bibi kwa mtoto mgonjwa wa jumuiya yetu, akamsomea, akamsomea na lile shairi.

Kuhusu kumwambia kiongozi "hapana": mwende mapema, mwende kwa miguu yenu, msitume ujumbe wa simu usiku wa kuamkia safari. Kiongozi aliyekwishakuhesabu vichwa, akakodi gari na kununua mchele, anaumizwa na anayejitoa dakika ya mwisho kuliko anayesema mwezi mmoja kabla. Na ukikataa, toa unachoweza. Mimi nilishona skafu za watoto wa kikundi bila kudai ufundi, walete kitambaa tu. Mlezi wao hakununa, na mpaka leo tunasalimiana vizuri.

Sasa hela. Mchango wa kambi ya TYCS ulikuwa shilingi 30,000 kwa kila kijana, nje ya nauli, na nje ya fulana ya kambi iliyouzwa 15,000. Fulana ndizo zinazowamaliza wazazi. Kila tukio lina rangi yake na maandishi yake, na baada ya hapo inakuwa nguo ya kulalia. Uliza mapema kama ni lazima. Kwetu haikuwa lazima, ila hakuna aliyetangaza hivyo. Binti yangu alivaa sketi ya shule na blauzi nyeupe, na wenzake wengi walipoona nao wakaja hivyohivyo. Kama fundi nasema wazi: sare moja nyeupe iliyoshonwa vizuri, yenye pindo la kuongezea mtoto akirefuka, itakwenda kwenye Komunyo ya mdogo wake, kwenye kwaya na kwenye kambi.

Jambo lililosaidia watoto wengi zaidi lilikuwa kuiomba kamati ipokee mchango wa vitu. Wazo lilitoka kwenye jumuiya moja ya Katubuka. Mzazi asiye na hela ana maharage, ana mawese, ana mahindi. Paroko alikubali, kwa sharti kwamba bei ya kila kitu ipangwe kabla na kubandikwa, ili pasiwe na ugomvi wa debe la nani limejaa na la nani halijajaa. Vitu vilipimwa mbele ya mleta, vikaandikwa kwenye daftari lilelile la fedha, naye akapewa stakabadhi. Wapo vijana wa Katonga ambao baba zao hawakuwa na shilingi mwezi ule, na walikwenda kambini kwa mawese na maharage bila mtu kujua nani kalipa nini. Chakula cha kambi kikawa ugali na maharage ya mawese karibu kila siku, na vijana wakashiba.

Kasulu si mbali, ni karibu kilomita 90 na barabara ni lami. Gari lilipangwa kuondoka saa mbili asubuhi. Lililetwa mchana, likiwa dogo kuliko lililokubaliwa, na kukawa na mabishano ya nani abaki. Tulifika parokia tuliyopangiwa giza limeshaingia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bibi aliuliza lile swali. Vijana wa kiume wakashuka wakaenda upande mmoja, wasichana wakaonyeshwa darasa, na mlango wa darasa hauna komeo. Madirisha hayana vioo. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, hakuna taa. Walezi wanawake tulikuwa wawili, mimi na Sista mmoja, na mimi sikuwa kwenye orodha ya walezi, nilikuja kwa kuomba. Wenyeji wetu walikuwa watu wema sana, walitukaribisha kwa nyimbo, na asubuhi yake walileta fundi. Ila usiku ule wa kwanza tulipitisha mpini wa jembe kwenye vishikio vya mlango kwa ndani, mimi nikatandika mkeka kizingitini, na tukakubaliana kwamba hakuna anayetoka kwenda choo peke yake wala bila tochi.

Kabla hujampeleka binti yako kambi yoyote, ya dini gani au dhehebu gani, uliza: analala wapi, mlango unafungwaje, choo kiko wapi, matroni ni nani na wako wangapi, na simu ya nani inapokelewa usiku. Usione haya kuuliza kwa sababu mwandaaji ni mtu wa kanisa. Mwandaaji mzuri anapenda maswali hayo, yanampa nguvu ya kudai komeo.

Baridi ya Kasulu nayo watoto wa ziwani hawaijui. Sisi tumezoea joto la Kigoma, mtu analala na khanga moja. Kule ni juu, na Juni usiku meno yanagongana. Nusu ya wasichana walikuja na shuka nyepesi tu. Tulilala wawiliwawili, magauni na sketi zote zikawa blanketi. Sweta, soksi na blanketi vitangulie kwenye begi kabla ya nguo ya Misa.

Na pedi. Orodha ya vitu vya kambi iliyotolewa ilikuwa na Biblia, rozari, daftari, sahani, kikombe, ndala. Haikuwa na pedi, kwa sababu iliandikwa na wanaume na hakuna mwanamke aliyeipitia. Siku ya pili nilimwona msichana mmoja mdogo, wa kidato cha kwanza, amekaa nyuma ya darasa peke yake, sweta amelifunga kiunoni, semina inaendelea na yeye hainuki. Nilipomsogelea akaangalia chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na mama yake yuko Kigoma. Nilimpeleka bafuni na maji ya moto ya jikoni, nikamweleza taratibu, nikamfulia. Akanishika mkono muda mrefu bila kusema neno. Kama hapangekuwa na mama pale, angekaa vile mpaka jioni. Waandaaji, wekeni pakiti kadhaa kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na watangazieni wasichana siku ya kwanza kwamba zipo na ziko kwa nani.

Binti yangu mwenyewe aliugua kabla kambi haijafika katikati. Alianza kutetemeka jioni, tukadhani ni baridi. Usiku mwili ukawaka. Asubuhi tukamfikisha zahanati, wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Akapewa dawa mseto, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, dozi ya pili ikifuata masaa manane baada ya ile ya kwanza, na akaambiwa azimeze pamoja na chakula chenye mafuta ili zifyonzwe vizuri. Maharage ya mawese yakawa na kazi nyingine. Kilichotusaidia ni kwamba nilikuwa na kadi yake ya bima na hela kidogo iliyofungwa pembeni. Kijana mwingine aliyeugua siku hiyohiyo hakuwa na kadi wala barua ya mzazi, na mlezi wake alizunguka na simu asubuhi nzima kumtafuta baba yake ili aseme neno moja la ruhusa. Mpe mtoto kopi ya kadi, barua fupi yenye jina lako, namba mbili za simu na dawa au vyakula asivyopatana navyo. Karatasi moja tu, ndani ya mfuko wa nailoni.

Kuna wazazi waliosema baadaye kwamba kambi imewaletea watoto malaria. Sidhani. Tangu mbu aume mpaka homa ianze hupita wiki moja na zaidi, na sisi tulikuwa na siku chache tu kule. Homa ile binti yangu aliibeba kutoka Kigoma. Sasa kabla ya safari yoyote ya kulala nje, mtoto akilalamika kichwa au uchovu, tunampima kwanza, na chandarua cha nyumbani kinakaguliwa kama hakijatoboka.

Nisije nikawatisha. Ningempeleka tena kesho. Papa Fransisko alikuwa ameutangaza 2024 kuwa Mwaka wa Sala, maandalizi ya Jubilei ya 2025, na kambi yote ilisimama juu ya sala. Padre mmoja alikaa chini ya mwembe akiungamisha kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka vijana wa mwisho wakamfuata na tochi. Jioni kulikuwa na kuabudu Ekaristi, vijana zaidi ya mia wako kimya kabisa, vijana walewale ambao mchana hawanyamazi. Na usiku mmoja, binti yangu akiwa anapata nafuu, amelala kichwa kwenye paja langu pale mlangoni, aliniuliza, "Mama, wewe ulianza lini kuamini mwenyewe, siyo kwa sababu ya kwenu?"

Katika miaka yake yote hajawahi kuniuliza kitu kama hicho, na nyumbani, katikati ya masufuria na cherehani, asingeniuliza. Nilimwambia ukweli: kwamba nilisali kwa mazoea mpaka nilipompoteza mtoto wa kwanza kabla ya kaka yake, na kwamba siku zile nilimkasirikia Mungu, na nilipomkasirikia ndipo nilipojua kwamba nazungumza na mtu. Hakujibu. Tukakaa. Kwa mazungumzo hayo peke yake, siku za cherehani yangu kulala zililipwa.

Baba yao naye alikwenda Tabora na kwaya ya vijana. Miaka mingine asingeweza, Juni ni mwezi wa kazi Kibirizi. Ziwa lilipofungwa ndipo alipopata nafasi ya kuwa mlezi wa safari ya mtoto wake. Walikwenda kwa treni, daraja la tatu. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na vijana walipewa somo njiani kwamba Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, waliofika Ujiji mwaka 1879 walitembea njia hiyohiyo kwa miguu wakitokea Tabora. Walikwenda pia kwa sababu ya mapenzi: Kardinali Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora, alikuwa askofu wetu hapa Kigoma kuanzia 2008 hadi 2012, na tangu apewe ukardinali Septemba 2023 watu wa Kigoma wanaona ni wa kwao. Walisali Kanisa Kuu, wakaimba na kwaya wenyeji, wakatembelea Kipalapala kuona seminari na duka la vitabu.

Kuhusu treni nitasema machache. Msipange kitu chochote cha lazima siku ya kurudi, wala asubuhi ya kesho yake. Bebeni maji na chakula cha zaidi ya safari, maana kusimama kwa muda mrefu kwenye stesheni za katikati ni kawaida, na kulisha vijana thelathini kwa vya kununua dirishani kunamaliza hela yote kabla ya Kaliua. Kinanda kifungwe kwenye blanketi na kiwe na mtu wake, asiyesinzia zamu yake. Nauli ikusanywe na kulipwa mapema, kwa jina la kila mmoja.

Jambo kubwa lilitokea wakati wa kurudi, treni ikiwa imesimama usiku. Kijana wetu alimwambia baba yake kwamba hisabati imemshinda tangu kidato cha pili, kwamba hata masomo ya ziada ya likizo alikuwa anakaa nyuma bila kuelewa, na kwamba kwaya ilimpa mahali pa kuwa hodari. Mazoezi ya Jumatatu, ya Jumatano, ya Ijumaa, Misa mbili za Jumapili, mikesha: yote yale ambayo sisi tuliyaona kuwa ni bidii ya dini, nusu yake kijana alikuwa anajificha. Na nani atamkemea mtoto aliye kanisani?

Hili nimeliwaza sana tangu siku ile. Mtoto anayeshinda parokiani tunamsifu, tunamlinganisha na wanaoshinda vijiweni, na hatuulizi zaidi. Kijana anaweza kumpenda Mungu kweli na papo hapo akawa anakimbia kitu. Baba yake hakumgombeza. Alimwambia kwamba hata yeye anapiga chenga mashine asiyoielewa mpaka mteja aje kuuliza. Waliporudi alikwenda naye kwa mwalimu wa kwaya, wakakubaliana kwamba mpaka mtihani wa Novemba atapiga kinanda Misa ya pili ya Jumapili tu, na mazoezi mara moja kwa wiki. Mwalimu wa kwaya alisikitika, hana mpiga kinanda mwingine, lakini alielewa. Tukamtafutia mwalimu wa hisabati mtaani, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo, na kumlipa ilibidi niuze kitambaa nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya gauni la Komunyo ya kitinda mimba.

Komunyo yenyewe ilikwenda salama. Alivaa gauni la dada yake nililolibana kiunoni. Familia tatu za jumuiya yetu tulipika pamoja, wali na maharage na kuku wawili, badala ya kila mtu kukodi viti na turubai lake. Kama mna watoto wanaopokea siku moja, fanyeni hivyo. Gharama iligawanyika, na watoto walifurahi zaidi wakiwa pamoja.

Kuna kitu kingine kilichotaka kupotea mwezi ule, nacho ni sala ya jioni ya nyumbani. Kila mtu anarudi amechoka na shughuli za kanisa, wawili tuko Kasulu, wawili wako Tabora, waliobaki wanasinzia. Mama mkwe akapunguza: tendo moja la rozari, siyo rozari nzima, lakini kila usiku, hata kama waliopo ni wawili. Alikuwa anataja kwa majina wote waliosafiri na mahali walipo. Mwanangu wa darasa la tano ndiye aliyekuwa anamkumbusha.

Tulimaliza likizo tukiwa na deni la dukani. Tulilipunguza polepole, na ziwa lilipofunguliwa 15 Agosti, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, boti ziliingia majini na mashine zilizokuwa zimekaa miezi mitatu bila kuwashwa zikaanza kuleta matatizo yake, baba yao akapata kazi mpaka usiku.

Kabla ya hapo yeye na wazazi wengine kadhaa walikuwa wameshapeleka ombi kwa Halmashauri ya Walei ya parokia: makatibu wa vyama vyote wakutane, kila mmoja aje na tarehe zake, zitoke kalenda moja. Pia kila orodha ya kambi ipitiwe na mwanamke, na kwenye kila safari ya kulala nje ziachwe nafasi za wazazi wawili wasiolipishwa mchango, ili hata mzazi asiye na hela aweze kwenda na watoto. La mwisho hilo lilibishaniwa, maana nafasi mbili za wazazi ni nafasi mbili za vijana kwenye gari. Lilipita. Makatibu sasa wanaleta tarehe zao kabla Kwaresima haijaisha, na kalenda inabandikwa mlangoni pa kanisa Jumapili ya Pasaka.